Usiku wa Kuamkia Watakatifu Wote: Toka Mlango wa Jirani Mpaka Bustani ya Michezo



Katika nchi ya Marekani, jimbo la Florida, karibu na mji wa Orlando, iko bustani kubwa ya michezo iitwayo Magic Kingdom. Kampuni ya Walt Disney iliifungua tarehe 1 Oktoba 1971. Ndani yake mna kasri kama la hadithi, treni, mashua, nyumba za kuchekesha na za kutisha, na watu waliovaa kama wanyama wa sinema. Tena kila mwaka, kabla ya mwezi wa Novemba, hufanyika humo usiku karamu ya jamaa, yaani ya baba, mama na watoto wao. Kwa Kiingereza huitwa Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, maana yake karamu ya Halloween isiyotisha sana. Mickey ni yule panya wa sinema ajulikanaye na watoto wa dunia nzima.

Vijana wetu huona picha za karamu za namna hii katika simu, kisha hutuuliza: "Je, hii ni sikukuu ya mashetani, au ni mchezo tu?" Wako wasemao kwa nguvu kwamba ni ibada ya kipagani tangu mwanzo mpaka mwisho. Wako pia wasemao kwamba ni biashara ya Wamarekani, wala haina historia yoyote. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepotea njia, maana hayakuuliza habari za zamani. Neno Halloween lenyewe ni neno la wakristu. Basi tulifuate polepole, karne kwa karne, tupate kuona jinsi usiku wa sala ulivyogeuka kuwa usiku wa tikiti. Na tukifika mwisho, huenda tutaona kwamba swali la mashetani silo lililo kubwa. Swali kubwa ni la jirani.

MAMBO YA KARAMU

Kwanza tueleze jinsi karamu ilivyo. Huanza saa moja ya usiku na kwisha saa sita, lakini wenye tikiti huruhusiwa kuingia tangu saa kumi alasiri. Kila mtu hufungwa kikuku cha karatasi mkononi ili ajulikane kuwa amelipa, kwa sababu wageni wa mchana hutakiwa kutoka karamu ikianza. Watoto hupewa mfuko. Humo bustanini kuna vituo vya peremende, na watumishi wa kampuni husimama hapo wakitia peremende katika mfuko wa kila apitaye. Mtoto ambaye mwili wake haupatani na vyakula fulani hutafutiwa kitu kingine badala yake. Hakuna aulizaye: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Siku nyingine mtu mwenye miaka 14 au zaidi hakubaliwi kuingia katika bustani ile amevaa mavazi ya kujigeuza. Usiku huu ruhusa hutolewa kwa wote, ila wakubwa wasifunike uso kwa kinyago. Kwa hiyo utaona baba mzima amevaa kama nahodha wa maharamia, mama kama malkia, na mtoto wa miezi michache amevikwa kama boga.

Kisha huja maandamano. Mbele hutangulia mpanda farasi asiye na kichwa, ameshika boga lenye taa ndani. Huyu ametoka katika hadithi ya Mmarekani Washington Irving, iliyotolewa mwaka wa 1820. Baadaye hufuata panya Mickey na wenzake, na katikati yao wachimba makaburi, wakicheza na kuburuza mabeleshi yao chini hata cheche zinaruka. Mwisho, fataki hulipuka juu ya kasri.

Twataka msomaji awaweke moyoni wale wachimba makaburi. Watoto huwapigia makofi, wala hakuna aulizaye kaburi wanalokwenda kuchimba ni la nani. Zamani usiku huu ulikuwa hasa usiku wa kuwakumbuka walio kaburini kwa majina yao.

JINA NA ASILI YAKE

Katika Kiingereza cha kale neno "hallow" lilikuwa na maana ya mtakatifu. All Hallows ni sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na jioni iliyoitangulia iliitwa All Hallows' Even. Watu wa Uskoti walilifupisha jina hilo likawa Hallowe'en. Basi Halloween ni mkesha, kama vile sisi tusemavyo mkesha wa Noeli.

Sikukuu hiyo haikuanza katika mwezi wa Novemba. Tarehe 13 Mei, mwaka wa 609 au 610, Papa Bonifasi IV alilibariki Pantheon, hekalu kubwa la miungu ya Roma, liwe kanisa la Bikira Maria na la mashahidi wote. Katika karne ya 8, Papa Gregori III alitengeneza kikanisa cha watakatifu ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Kufika mwaka wa 800 hivi, makanisa kadha ya Uingereza na ya Ujerumani yalikuwa yakiwakumbuka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Na mwaka wa 835, kwa shauri la Papa Gregori IV, Kaisari Ludoviko Mcha Mungu aliagiza tarehe hiyo ishikwe katika dola yake yote.

Wengi husema kwamba Eklezia iliichukua siku hiyo kutoka kwa wapagani wa Ayalandi. Ni kweli kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na siku yao iitwayo Samhain, mwanzo wa majira ya baridi, wakati ng'ombe waliporudishwa kutoka malisho ya mbali. Usiku wa siku ile watu waliogopa viumbe visivyoonekana. Lakini vitabu vya kale vya Ayalandi vyenyewe vyaonyesha kwamba wakristu wa kwanza wa huko waliwakumbuka Watakatifu Wote mwezi wa Aprili. Tarehe ya Novemba iliwajia kutoka nje. Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba huyu alimwibia yule. Mambo mawili yalikutana katika majira yaleyale ya giza na baridi, yakakaa pamoja nyumba moja.

Kisha likaongezwa jambo la tatu. Karibu na mwaka wa 998, Odilo, abati wa monasteri ya Cluny katika Ufaransa, aliwaagiza wamonaki wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba. Desturi hiyo ilienea toka monasteri mpaka maparokia, toka Ufaransa mpaka Ulaya nzima ya magharibi. Hivi siku tatu zikafungwa pamoja: jioni ya mkesha, siku ya walio mbinguni, na siku ya wale wanaongoja katika toharani.

Mkesha huo ulikuwa siku ya kufunga. Wakatoliki hawakula nyama. Ndiyo sababu vyakula vya Halloween katika Ayalandi vilikuwa viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi, na mkate wenye zabibu kavu. Papa Pius XII aliuondoa mkesha huo katika kalenda ya liturujia mwaka wa 1955. Na tazama, mwaka uleule wa 1955 Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza huko California! Hatusemi kwamba jambo moja lilileta lingine. Twasema tu kwamba Eklezia ilipouacha mkesha huo, wengine walikwisha kuupokea.

KEKI ZA ROHO

Katika Uingereza ya zamani, siku hizo za mwanzo wa Novemba, maskini na watoto walizunguka kijijini mlango kwa mlango. Waliimba, na mwenye nyumba akawapa keki ndogo iliyoitwa keki ya roho. Wao nao waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile.

Tuangalie vizuri desturi hii. Mwenye nyumba hakutoa sadaka bure, wala maskini hakuomba bure. Mmoja alikuwa na unga na asali, mwingine alikuwa na sala. Mtu asiye na kitu mkononi alikuja mlangoni mwa tajiri akiwa na kitu ambacho tajiri alikihitaji sana kwa ajili ya baba yake aliyekufa. Wazee wetu wasemao "Mgeni njoo, mwenyeji apone" wangeielewa desturi ile bila kufafanuliwa.

Katika karne ya 16 wakuu wa Uingereza waliacha mafundisho ya toharani, wakakataza kengele zilizopigwa usiku huo kwa ajili ya wafu. Lakini watu hawakuacha kutembea. Katika vijiji kadha watoto waliendelea kuimba milangoni mpaka karne ya 19, wakipewa keki na matofaa, ingawa wengi hawakujua tena wanamwombea nani. Katika Uskoti na Ayalandi, vijana walivaa nguo za kuukuu, wakapaka nyuso masizi, wakaenda nyumba kwa nyumba wakicheza na kuimba ili wapewe matunda au fedha kidogo. Walibeba taa walizochonga kwa mzizi mnene uliwao wa jamii ya kabichi, wakautoboa macho na meno na kutia mshumaa ndani.

Tayari hapo sala imekwisha kudondoka njiani. Mlango wa jirani ulikuwa ungali wazi.

NJAA NA BAHARI

Mwaka wa 1845 ugonjwa uliharibu viazi vya Ayalandi. Watu wa huko, hasa maskini, walikuwa wakiishi kwa viazi. Njaa ile ilidumu mpaka mwaka wa 1852 hivi. Watu kadiri ya milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaikimbia nchi, wengi wao wakivuka bahari kwenda Marekani. Hawakuwa na mali. Walibeba imani yao, nyimbo zao, na desturi za mwaka. Waskoti waliohamia huko walibeba mambo yao vilevile.

Huko Marekani walikuta boga, zao la nchi ile tangu kale. Boga ni kubwa, ni laini kuchonga, na ndani yake mna nafasi ya mshumaa. Hivi taa ya mzizi mgumu ikawa taa ya boga, nayo ndiyo alama ya Halloween mpaka leo.

Lakini mgeni katika mji mkubwa hana kijiji. Milango ilikuwa mingi na wenyewe hawakujuana. Vijana waliendelea na mizaha ya usiku ule, na mizaha ikageuka uharibifu. Waling'oa malango ya nyua, wakavunja madirisha, wakaangusha vyoo vya nje. Miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya kazi na fedha, miji mingi ilichoka kabisa.

Dawa waliyoitafuta Wamarekani yafaa kukumbukwa. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, watu walifanya maandamano ya Halloween mwaka wa 1920 ili vijana wapate jambo jema la kufanya. Na toka miaka ya 1920, katika Kanada ya magharibi na baadaye katika Marekani, watoto walianza kugonga milango wakisema maneno mawili: ama tupe kitamu, ama tutakufanyia mzaha. Watu wazima wakakubali mapatano hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ilikuwa ya kupimwa, basi mambo yakapungua. Mwaka wa 1947 upimaji wa sukari uliisha, na kwa kuwa miji ilikuwa ikijaa nyumba mpya za jamaa zenye watoto wengi, desturi ikaenea nchi nzima.

Kizazi kile hakikuita polisi tu. Kilifungua mlango na kutoa peremende, na yule kijana mharibifu akawa mgeni. Mwaka wa 1950, katika mji wa Philadelphia, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma, walianzisha jambo zuri zaidi. Watoto waligonga milango wakiwa na maboksi ya maziwa yaliyopambwa, wakaomba fedha kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita. Mara ya kwanza walipata dola 17, wakazipeleka kwa UNICEF. Shirika hilo wasomaji wetu wanalijua, maana chanjo zake zimefika mpaka vijijini mwetu. Watoto wale hawakujua kwamba walikuwa wamerudi karibu sana na maskini wa keki za roho: kugonga mlango kwa ajili ya mwingine asiyekuwapo.

HOFU INAPOINGIA

Sasa twafika mahali pagumu pa historia hii. Jioni ya tarehe 31 Oktoba 1974, katika mji wa Deer Park, jimbo la Texas, mtoto wa miaka 8 alikula unga mtamu aliopewa usiku ule, akafa. Unga ulikuwa umetiwa sianidi, sumu kali sana. Baba yake alisema kwamba mtu fulani wa nyumba fulani aliutoa. Nchi nzima ikashikwa na hofu: jirani ameua mtoto! Lakini polisi walipochunguza, na mahakama ilipohukumu, ilionekana kwamba muuaji ni baba mwenyewe. Alitaka fedha za bima aliyoiweka juu ya maisha ya mtoto wake. Aliuawa kwa hukumu ya serikali mwaka wa 1984. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka wa 1982, wiki chache kabla ya Halloween, watu 7 wa Chicago na vitongoji vyake walikufa kwa kumeza vidonge vya dawa ya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana. Basi hofu ikapanda tena. Miji kadha iliwazuia watoto kuzunguka. Hospitali kadha zilijitolea kupiga picha za mionzi mifuko ya peremende, kutafuta sindano na nyembe.

Joel Best, mtaalamu wa mambo ya jamii, alichunguza habari zote zilizoandikwa magazetini tangu mwaka wa 1958. Alitoa matokeo yake mara ya kwanza mwaka wa 1985, pamoja na mwenzake, na ameendelea kuchunguza miaka mingi baadaye. Hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitishwa kuuawa au kuumizwa vibaya na peremende aliyopewa mlangoni na mtu asiyemjua. Hatari iliyo ya kweli usiku ule ni motokari, maana watoto wengi hutembea gizani barabarani.

Lakini hofu haingoji ushahidi. Wazazi waliosikia habari ya Texas waliukumbuka uwongo wa kwanza, wakasahau hukumu. Walianza kuwaonya watoto: usile mpaka niangalie; usiende kwa usiyemjua; usigonge nyumba ile. Na wengi wakatafuta mahali penye ukuta.

KUTA ZA BUSTANI

Ukuta ulikuwa tayari. Huko Buena Park, California, Walter Knott na mkewe Cordelia walikuwa wakulima wa matunda madogo ya miiba. Mwaka wa 1934 Cordelia alipika kuku na kuwauzia wageni 8 katika sahani za arusi yake. Wageni waliongezeka, foleni ikawa ndefu, na mwaka wa 1940 Walter alianza kujenga mji wa kale wa kuigiza ili wangojao wapate cha kutazama. Hivyo shamba likawa bustani ya michezo, Knott's Berry Farm. Mwisho wa Oktoba 1973 bustani hiyo ilifanya usiku 3 za Halloween za kutisha, na vijana wakajaa. Bustani nyingine ziliona faida hiyo. Universal ya Florida ilianza usiku zake za kutisha mwaka wa 1991.

Walt Disney alikuwa na wazo jingine. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyowapeleka binti zake wawili katika Griffith Park, mjini Los Angeles, wapande farasi wa mbao wazungukao. Wao walicheza, yeye aliketi kwenye benchi hana la kufanya. Akawaza: kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto hufurahi pamoja? Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Alizungushia tuta la udongo lenye miti, ili aliye ndani asione mji ulio nje.

Tarehe 31 Oktoba 1995 ndipo karamu tuliyoieleza mwanzoni ilipofanyika mara ya kwanza katika bustani ya Florida. Ilikuwa usiku mmoja tu. Kwa jamaa nyingi ilikuwa msaada mkubwa. Hapakuwa na motokari, hapakuwa na giza, kila peremende ilitoka katika karatasi iliyofungwa kiwandani. Na kitisho kilipunguzwa kwa makusudi, mtoto wa miaka 3 asilie.

Baadaye usiku zikaongezeka mwaka kwa mwaka. Mwaka wa 2024 karamu ya kwanza ilifanyika tarehe 9 Agosti. Tikiti ya mtu mzima ilikuwa dola 119 katika usiku za bei nafuu, ikapanda mpaka dola 199 katika usiku za mwisho wa Oktoba. Baba na mama peke yao, hata wakichagua usiku wa bei ya chini, walitoa dola 238 kabla ya kuwahesabu watoto. Mtoto wa maskini wa mji uleule hakufika penye kituo cha peremende. Hatusemi alifukuzwa. Ukuta haumfukuzi mtu. Hukaa tu mahali pake.

TUPIME MAMBO KWA HAKI

Je, tuilaani karamu hiyo? Hapana. Yako mambo mema ndani yake, nasi tuyataje. Baba hucheza na watoto wake, jambo ambalo akina baba wengi wa miji ya leo, hata wa kwetu, wamelisahau. Mtoto wa kiti cha magurudumu hupokea peremende sawa na wenzake. Na mtumishi atoaye peremende humpa kila mtoto bila ubaguzi, akiisha kuingia. Wala mtoto aliyevaa kama boga haabudu shetani. Huyo amevaa kama boga tu.

Lakini yako mambo mawili yaliyopotea. La kwanza ni kesho. Mkesha ni usiku wa kungojea kitu kijacho. Karamu ifanywayo mwezi wa Agosti hainongojei mtakatifu yeyote, na mwezi wa Oktoba ukiisha maboga huondolewa, yakawekwa mapambo ya Noeli, nayo pia kabla ya wakati wake. Wachimba makaburi wanacheza, na tarehe 2 Novemba, siku ya wafu wenyewe, hakuna aliyealikwa kuwakumbuka.

La pili ni jirani. Katika kijiji cha keki za roho, mlango ulifunguliwa na mtu mwenye jina, naye alimjua mtoto aliyegonga. Katika bustani anayetoa amelipwa mshahara, anayepokea amelipa tikiti, na kesho hawatakutana. Peremende ni ileile. Deni la upendo kati yao halipo. Tena tukumbuke kilichowapeleka watu wengine ndani ya ukuta: uwongo wa baba mmoja juu ya jirani zake. Neno la uwongo juu ya jirani lilivuma nchi nzima, na milango mingi haikufunguka tena kama zamani.

Hapa kwetu Kongo tusicheke. Sisi pia twajua jinsi neno juu ya mtu linavyofunga milango. Huko Marekani mtoto huvaa kama mchawi akachekwa na kupewa peremende. Kwetu mtoto ameitwa mchawi na watu wa nyumba yake mwenyewe, akafukuzwa, akalala sokoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza na kuadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ni njema, lakini haiwezi kumfungulia mlango usiku. Jirani ndiye awezaye.

Tunayo mambo yetu yasiyohitaji tikiti. Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, twaamka asubuhi kwenda makaburini na majembe na mafagio, kusafisha mahali pa baba na mama waliolala, kisha mchana twakaa na wazazi walio hai. Tarehe 2 Novemba twapeleka majina ya marehemu wetu Misani. Mjini Paris, tangu mwaka wa 2002, wakatoliki wameanza kuwakusanya watoto jioni ya tarehe 31 Oktoba, wengine wamevaa kama watakatifu, na desturi hiyo imefika nchi nyingine. Ni jambo jema. Lakini hatuhitaji hata mavazi.

Jioni ya mkesha huo, wazazi, waketisheni watoto wenu, muwatajie majina ya babu na bibi zao, wale waliowajua na wale wasiowajua, na kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani. Kisha mtieni mtoto mkubwa sahani mkononi, yenye ndizi, au karanga, au mihogo iliyochemshwa, mumtume kwa jirani. Asimtume kwa rafiki yenu. Aende kwa yule ambaye hamjasalimiana tangu Pasaka. Agonge hodi, atoe sahani, aseme: "Baba na mama wamenituma. Wanauliza majina ya marehemu wenu, tuwaombee pamoja na wetu."